Macho makavu: kukanda kumenisaidia kuliko matone. Wenzangu mnatumia nini bila dawa?

Kapangala_Dom (mleta mada), Jumapili saa 3:10 usiku

Wakuu habari za jioni.

Mimi ni mhasibu, niko Dodoma mwaka wa tisa huu, na kazi yangu kuanzia asubuhi hadi jioni ni kukodolea macho kompyuta. Miaka miwili sasa macho yananitesa. Nikiamka nahisi mchanga chini ya kope, mchana yanawaka, usiku taa za magari zinatawanyika mbele yangu. Na cha ajabu, nikitoka nje kwenye ule upepo wetu machozi yanamwagika mpaka watu wananipa pole wakidhani nimefiwa. Miwani nimepima mara mbili. Chupa za machozi bandia nimenunua hadi nimepoteza hesabu, na kila chupa ukishaifungua wiki nne unaitupa hata kama imebaki nusu.

Miezi miwili iliyopita mama mmoja wa kliniki ya macho alinishika ukingo wa kope, akabinya taratibu, akaangalia, akaniambia: "Mwanangu, mafuta yako yameganda kama samli ya mwezi wa saba. Kayakande." Nimekanda wiki ya nane sasa. Matone nilikuwa naweka mara sita kwa siku, siku hizi mara moja, na siku nyingine nasahau.

Kwa hiyo nasema wazi: kwa mwenye macho makavu, kukanda kunashinda matone. Ila nasikia kuna vizibo vya kuziba njia ya machozi, kuna mashine ya mwanga, kuna miwani ya kukinga upepo, kuna mafuta ya samaki. Nani amejaribu kipi? Naomba ya mtu aliyeyapitia mwenyewe, matangazo ya biashara tumeyachoka.

Dereva_wa_Usiku, Jumapili saa 3:34 usiku

Pole mkuu. Mimi naomba kueleweshwa kwanza. Machozi yanakumwagika, halafu unaambiwa macho makavu? Nami yananimwagika nikiendesha usiku, nilijua ni umri.

Optika_Moro, Jumapili saa 4:02 usiku

@Dereva_wa_Usiku napima macho kila siku na hilo swali naulizwa kila siku.

Machozi si maji matupu. Chini kuna ute unaoyashikiza kwenye jicho, katikati maji, juu kabisa utando mwembamba wa mafuta. Mafuta hayo yanatoka kwenye vitezi vilivyopangwa mstari ukingoni mwa kope, kope ya juu 25 hadi 40, ya chini 20 hadi 30. Vinaitwa tezi za Meibom, kwa jina la Heinrich Meibom, daktari wa Kijerumani aliyevieleza mwaka 1666. Mafuta yakiganda humo ndani, maji yanabaki wazi na kukauka upesi. Jicho linaungua, linaomba msaada, na tezi kubwa ya machozi inamwaga maji ya dharura. Hayo maji ya dharura hayakai. Yanaishia shavuni.

Tunapima kwa kuweka rangi ya njano kwenye jicho na kumwambia mtu asipepese, kisha tunahesabu. Utando ukianza kupasuka kabla ya sekunde 10, kuna tatizo. Wengi ninaowaona wana shida ya mafuta, wenye upungufu wa maji yenyewe ni wachache, na wapo wenye yote mawili. Kwa hiyo mleta mada, kukanda kumekufaa kwa sababu tatizo lako ni mafuta. Usimpe kila mtu dozi yako.

Dereva_wa_Usiku, Jumapili saa 4:09 usiku

Umesomeka mkuu. Ni kama supu: ikiwa na mafuta juu inachelewa kupoa, ikiwa haina, moshi wote unaondoka.

MamaNasra, Jumapili saa 4:15 usiku

Mkuu @Kapangala_Dom unakandaje? Mimi niliambiwa "weka kitambaa cha moto", nikaweka wiki mbili, sikuona kitu nikaacha.

Kapangala_Dom, Jumapili saa 4:41 usiku

Dada, hata mimi nilianza na kitambaa nikafeli. Kitambaa kimoja dakika ya pili kishapoa, unabaki umejiwekea ubaridi usoni. Nikafanya hivi: chupa ya chai yenye maji ya moto, bakuli, vitambaa vitatu vya uso vimekunjwa. Kimoja kiko machoni, cha pili kinalowa, cha tatu kinakamuliwa. Inafaa, ila mikono haitulii.

Sasa natumia soksi ya pamba, mpya. Nimetia mchele mkavu kikombe kimoja, nikafunga fundo. Naipasha kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, naigeuza kila mara kama naikaanga karanga. Kabla ya kuiweka machoni naigusisha ndani ya kiwiko. Nikishindwa kuiacha pale kwa kuhesabu hadi kumi, bado ni ya moto mno. Nalala chali, dakika kumi, asubuhi na usiku.

Halafu kuna kukamua, na hapa ndipo wengi wanaacha. Kope ya juu unashusha kidole kuelekea kwenye nywele za kope, ya chini unapandisha. Taratibu, kama unakamua dawa ya meno iliyobaki mwisho wa bomba. Wiki ya kwanza mke wangu alimulika na tochi ya simu akaona vidoti vyeupe vizito vimetoka ukingoni. Wiki ya tano vikawa vinang'aa, laini, rangi ya mafuta ya alizeti. Siku hiyo ndiyo nilijua kuna kitu kinaendelea.

Mzee_wa_Igunga, Jumatatu saa 12:20 asubuhi

Vijana mnaogopa moto. Sisi tukikanda ni maji yanayotoa mvuke, nyuzi 60 kwenda juu. Joto dogo haliyeyushi kitu.

Optika_Moro, Jumatatu saa 1:05 asubuhi

Shikamoo mzee. Hapana, nyuzi 60 ni kuunguza. Ngozi ya kope ni nyembamba kuliko zote mwilini. Mashine ya LipiFlow, ambayo Marekani iliruhusiwa mwaka 2011, inapasha kope kwa upande wa ndani kwa nyuzi 42.5 tu, dakika 12, huku inazikamua. Na hiyo ina kikinga kinachofunika jicho lenyewe. Sisi wa soksi tunapasha kutoka nje, hivyo kinachotakiwa ni joto la nyuzi 40 na kidogo linalodumu. Kuongeza ukali hakusaidii.

Na jambo moja muhimu: usiligandamize jicho lenyewe likiwa la moto. Unaona ukungu baada ya kukanda? Ujue umebana mno. Binya kope, mboni iache.

Mzee_wa_Igunga, Jumatatu saa 1:12 asubuhi

Marahaba. Nimesikia.

Njoki_K, Jumatatu saa 4:48 asubuhi

Hamjambo wadau. Niko Nairobi, kazi yangu ni kuhariri. Mimi napinga kidogo. Nilikanda miezi mitatu, na mchele, na kila kitu, nafuu ikawa ya saa moja tu. Kilichonisaidia ni kujifunza kupepesa upya.

Mtu aliyetulia hupepesa kama mara 15 kwa dakika. Mbele ya skrini idadi hiyo hushuka hadi theluthi, na mara nyingi kope haifiki chini. Mwenzangu wa ofisini alinirekodi kwa simu nikiwa nasoma. Dakika moja nzima nilipepesa mara nne, na mbili kati ya hizo zilikuwa nusu tu, kope inashuka hadi katikati kisha inarudi. Nilipoiona hiyo video nilinyamaza. Kumbe macho yangu yanakaa wazi kama dirisha siku nzima! Na zile tezi hukamuliwa na kope zinapokutana. Zisipokutana, mafuta hukaa humo humo yakaganda.

Sasa kila dakika 20 nafumba taratibu, nahesabu mbili, nakaza kidogo, nafungua. Mara tano. Kisha natazama kitu kilicho futi sita kwa sekunde 20. Wiki ya tatu nikaanza kulala bila kuwashwa.

Fundi_Vioo, Jumatatu saa 5:15 asubuhi

@Njoki_K ni futi 20, si sita. Mita sita ndizo futi 20, nadhani zimekuchanganya. Futi sita ni ukuta wa pili wa ofisi, jicho bado linafanya kazi ya karibu.

Njoki_K, Jumatatu saa 5:21 asubuhi

Kweli kabisa, asante kwa kunisahihisha. Natazama mjakaranda nje ya dirisha, huo uko zaidi ya mita sita.

BintiUnguja_Maskati, Jumatatu saa 7:30 mchana

Salaam aleikum jamani. Mie nipo Maskati mwaka wa kumi na moja, nyote hamjataja adui wangu: kiyoyozi. Huku tunakaa ndani ya baridi kavu kutwa. Gari lina kiyoyozi, ofisi, msikiti, chumba cha kulala. Nikirudi Unguja likizo, wiki ya kwanza tu macho yanatulia peke yake, siyakandi wala siyatii tone. Nikipanda ndege kurudi huku, kabla sijashuka yashaanza.

Nilichofanya: gari nimegeuza pumzi ya kiyoyozi iende miguuni. Chumbani feni na kiyoyozi havinipigi usoni. Nimenunua miwani yenye kingo pembeni, ile inayobana karibu na uso. Na mume wangu akaniambia jambo ambalo nisingelijua maisha: nalala macho hayajafumba sawasawa, unaona weupe chini ya kope. Sasa nalala na kitambaa cha kufunika macho. Asubuhi yangu imebadilika kabisa.

Suali langu: kliniki moja huku imenitaka nilipie vikao vinne vya ile mashine ya mwanga, inaitwa IPL. Nikubali?

Kapangala_Dom, Jumatatu saa 8:02 mchana

Dada umenishtua na hilo la feni. Feni yangu iko usoni kwangu usiku kucha. Leo naihamisha.

Optika_Moro, Jumatatu saa 2:10 usiku

@BintiUnguja_Maskati subiri kwanza. Mwanga huo ulianza kwa wagonjwa wa ngozi ya uso. Daktari wa macho huko Marekani, Rolando Toyos, mwanzoni mwa miaka ya 2000 aligundua kwamba wagonjwa waliopigwa mwanga kwa ajili ya wekundu wa mashavu walikuwa wakisema na macho yao yamepata nafuu. Ndipo ukaletwa kwenye macho makavu, na kwa wengine unasaidia kweli.

Lakini mwanga ule unamezwa na rangi ya ngozi. Ngozi nyeusi inaumeza mwingi, inapata joto, inaweza kuungua au kubaki na mabaka. Kuna kipimo cha ngozi cha Fitzpatrick chenye ngazi sita, na miongozo ya kawaida ya mashine hizi inawaacha nje watu wa ngazi za juu, ambao ndio sisi wengi. Waulize kliniki wewe uko ngazi gani kabla hujatoa riali.

BintiUnguja_Maskati, Jumanne saa 6:40 mchana

Ahsante sana. Nimekwenda leo. Mie ni maji ya kunde, nikadhani nitapita. Muuguzi kaniwekea kadi ya rangi mkononi, katazama, kasema kwa mashine yao haifai. Kumbe yule aliyenipigia simu kunihimiza hakuwa ameniona hata uso. Namshukuru Mungu nimeuliza hapa.

Mzee_wa_Igunga, Jumanne saa 1:25 usiku

Mnazunguka mbali. Dawa bila dawa ni asali mbichi ya nyuki wadogo, tone moja jicho likiwasha. Ikikosekana, maziwa ya mama anayenyonyesha. Mama zetu walitutibu hivyo.

MamaNasra, Jumanne saa 1:58 usiku

Mzee wangu shikamoo, na unisamehe kwa nitakachosema. Mjomba wangu jicho lilimwasha wakati wa kuvuna mpunga. Akatiwa maziwa, siku ya tatu akatiwa maji ya majani, siku ya sita akaletwa mjini jicho limekuwa jeupe kama yai lililochemshwa. Walihangaika naye wiki tatu. Jicho halikurudi. Alikuwa fundi cherehani. Mpaka leo akitunga uzi kwenye sindano anaikosa tundu mara tano, mara sita, na hataki kusaidiwa.

Nawaomba sana. Tubishane kuhusu soksi na miwani, lakini mtu asiweke kitu cha jikoni ndani ya jicho.

Optika_Moro, Jumanne saa 2:11 usiku

Pole sana dada. Naongezea tu: kuna matone yaliyotengenezwa kwa asali ya manuka, yamesafishwa kiwandani na kujaribiwa. Hayo na asali ya chupa ya soda sokoni haviko pamoja. Asali mbichi, maziwa, mkojo, vyote vinabeba vijidudu, na jicho kavu tayari lina michubuko midogo. Unavifungulia mlango.

Mzee_wa_Igunga, Jumanne saa 2:30 usiku

Mama Nasra, marahaba, na mpe mjomba wako pole yangu. Nilisema nilichokikuta. Nimewaambia na wajukuu hapa wasifuate lile neno langu.

Dada_Chalinze, Jumatano saa 4:05 asubuhi

Mimi nimewekewa vizibo, kwa hiyo naweza kuwaelezea. Kona ya ndani ya kila kope, upande wa pua, kuna kitundu kidogo. Ndimo machozi yanamopitia kwenda puani, ndiyo maana mtu akilia kamasi nazo zinatoka. Daktari alianza na vizibo vya kolajeni vinavyoyeyuka vyenyewe baada ya siku chache, aone nitaonaje. Nikapata nafuu, akaniwekea vya silikoni kope za chini. Haikuuma, ni kama kukanyagwa na unyoya.

Miezi minne raha tupu. Kisha cha kushoto kikatoka, nafikiri nilijifikicha usingizini. Kikarudishwa. Siku za baridi machozi yanazidi nabaki kupangusa. Lakini sirudi nilikotoka.

Njoki_K, Jumatano saa 5:12 asubuhi

@Dada_Chalinze mimi daktari wangu alinikatalia vizibo. Alisema kope zangu zimevimba, na nikiziba njia nitakuwa nimeyafungia machozi machafu yaendelee kuliwasha jicho. Akataka kope zitulie kwanza.

Dada_Chalinze, Jumatano saa 5:20 asubuhi

Wangu hakusema hivyo. Alisema bora machozi mabaya kuliko kukosa machozi.

Optika_Moro, Jumatano saa 7:45 mchana

Nimewasikia madaktari wakibishana hilo ana kwa ana, na kila mmoja ana wagonjwa wake wa kumtetea. Mwenye upungufu wa maji, kizibo kinamfaa zaidi. Mwenye kope zilizovimba, mimi binafsi ningesubiri.

Mwana_Ukerewe, Jumatano saa 2:50 usiku

Niulizeni mimi wa samaki. Dagaa kila siku, sato Jumapili, na vidonge vya mafuta ya samaki alivyoniletea dada yangu kutoka Uingereza. Mwezi wa pili macho safi. Omega-3 inalainisha yale mafuta ya kope, hiyo ni sayansi.

Fundi_Vioo, Jumatano saa 3:17 usiku

Mkuu, sayansi yenyewe imeyumba hapo. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani uitwao DREAM, ulichapishwa mwaka 2018. Watu 535 walifuatiliwa mwaka mzima, kundi moja likimeza gramu 3 za omega-3 kila siku, jingine vidonge vya mafuta ya zeituni bila kujua. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na tofauti kati yao haikuwa ya kutegemewa. Dagaa endelea nao kwa afya, lakini nafuu yako inaweza kuwa imetoka kwingine.

Mwana_Ukerewe, Jumatano saa 3:31 usiku

Na kama hayo mafuta ya zeituni nayo ni dawa? Umelinganisha mafuta na mafuta, halafu unasema mafuta hayafanyi kazi?

Fundi_Vioo, Jumatano saa 3:40 usiku

Hoja hiyo wataalamu nao wameitoa, siwezi kukukatalia. Wengine wanajibu kwamba kiasi cha zeituni kwenye vile vidonge kilikuwa kidogo.

Dereva_wa_Usiku, Jumatano saa 3:44 usiku

Na vitunguu je? Mke wangu akikata vitunguu wote tunalia humu ndani. Hayo si machozi ya bure?

Optika_Moro, Jumatano saa 4:00 usiku

Hayo ni yale ya dharura niliyoyaeleza siku ya kwanza, yanamwagika na kuondoka. Muache shemeji apike kwa amani. Wewe gari lako kiyoyozi kinakupiga wapi?

Dereva_wa_Usiku, Jumatano saa 4:03 usiku

Usoni. Nimeelewa, nageuza leo.

BintiUnguja_Maskati, Alhamisi saa 5:30 asubuhi

Wanawake wenzangu, tuzungumze wanja. Mie nilikuwa natia ndani kabisa, ule mstari wa maji baina ya nywele za kope na jicho. Mpimaji akanionyesha kwenye kioo chake kinachokuza: vitundu vya mafuta vimezibwa weusi, kimoja kimoja kama tundu za chujio. Wanja wa kienyeji mwengine una risasi pia, ile madini yenye sumu. Nimeuhamishia nje ya nywele za kope. Bibi yangu angesema nimepoteza uzuri, lakini macho yangu meupe sasa.

MamaNasra, Alhamisi saa 5:52 asubuhi

Na kope za kubandika! Gundi inakaa pale pale ukingoni, halafu mtu anaogopa kuosha zisitoke.

Njoki_K, Alhamisi saa 6:10 mchana

Hapo kwa kuosha: mimi nilikuwa na magamba kwenye shina la nywele za kope, kama vikola vidogo. Ni vijidudu vya demodeksi. Nilipewa vitambaa maalumu vyenye kiungo cha mti wa chai (tea tree, si chai ya kunywa). Tafadhali msinunue mafuta ya mti wa chai yenyewe mkapaka, makali yake huunguza jicho. Shampuu ya watoto iliyozimuliwa wengi huisifu, mimi ilinikausha zaidi.

Kapangala_Dom, Alhamisi saa 6:25 mchana

Mimi shampuu ya watoto inanifaa, tone moja kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu. Basi tumetofautiana.

Mwalimu_Rombo, Ijumaa saa 1:15 usiku

Habari zenu. Nina miaka 52, nimekaa kimya nikisoma tangu Jumapili. Nimejaribu karibu yote mliyoyataja. Kukanda, hakuna. Kupepesa, hakuna. Samaki, hakuna. Sina kompyuta, naandika ubaoni. Na mdomo nao unakauka, ugali haushuki bila maji, darasani nabeba chupa. Vidole asubuhi vimekaza. Walinipima kwa kikaratasi kinachoning'inizwa kwenye kope dakika tano, kikalowa milimita tatu tu.

Optika_Moro, Ijumaa saa 1:40 usiku

Mwalimu shikamoo. Kipimo hicho ni cha Schirmer, na chini ya milimita tano maji yenyewe ni machache sana. Macho makavu, mdomo mkavu na viungo kukaza kwa pamoja si mambo ya soksi. Kuna ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia tezi za machozi na mate, ulielezwa na daktari wa macho wa Sweden, Henrik Sjögren, mwaka 1933. Huwapata zaidi wanawake wa umri wako. Sisemi unao. Nasema mwone daktari wa magonjwa ya ndani na umweleze yote matatu kwa pamoja, usimweleze macho peke yake. Na umwambie dawa unazotumia. Hata vidonge vya mafua na mzio vinakausha.

Mwalimu_Rombo, Ijumaa saa 1:48 usiku

Marahaba. Hakuna aliyewahi kuniuliza kuhusu mdomo. Nitakwenda.

Mwana_Kigoma, Ijumaa saa 2:20 usiku

Na mawese? Vitamini A imejaa humo, na kuikosa kunakausha macho, tulifundishwa shuleni.

Fundi_Vioo, Ijumaa saa 2:33 usiku

Kweli, ila huo ni ukavu mwingine, huwapata hasa watoto wenye utapiamlo, na huanza kwa kutoona gizani. Mtu mzima anayekula mchicha na mayai, kijiko cha ziada cha mawese hakimbadilishii machozi.

Dada_Chalinze, Ijumaa saa 2:50 usiku

@Kapangala_Dom wewe uliyetuletea dai, hujathibitisha. Umekanda macho yote mawili, umejuaje si feni, si hewa? Kanda jicho moja wiki mbili, tuone.

Njoki_K, Ijumaa saa 3:02 usiku

Macho mawili hupepesa pamoja na hutazama skrini moja, kwa hiyo hiyo ni njia nzuri ya kujua. Mkuu kubali.

Kapangala_Dom, Ijumaa saa 3:10 usiku

Nimekubali. Nakanda la kulia, la kushoto naliacha. Mrejesho baada ya wiki mbili.

Kapangala_Dom, wiki mbili baadaye, Jumamosi saa 2:05 usiku

Wakuu, mrejesho.

Siku nne za kwanza hakukuwa na tofauti. Kuanzia siku ya sita jicho la kushoto likaanza kuwa zito asubuhi, mchanga ukarudi kidogo. Siku ya kumi na moja nilikwenda kupimwa: la kulia utando ulidumu sekunde 9, la kushoto sekunde 6. Kwa hiyo kukanda kuna kazi yake, nasimama hapo.

Lakini lazima niseme yote. Kabla sijaanza kukanda, mama wa kliniki alinipima la kushoto likawa sekunde 4. Sasa bila kukanda wiki mbili lina 6. Kilichobadilika ni feni, niliihamisha siku ile ile dada wa Maskati alipoandika, na ninapepesa kama Njoki alivyoelekeza, nimebandika karatasi kwenye kompyuta.

Dada_Chalinze, Jumamosi saa 2:17 usiku

Au mafuta uliyokamua wiki nane za kwanza bado hayajaisha athari.

BintiUnguja_Maskati, Jumamosi saa 2:20 usiku

Ni feni hiyo. Nimesema mie.

Mwana_Ukerewe, Jumamosi saa 2:26 usiku

Umekula samaki mara ngapi hizo wiki mbili? Sema kweli.

Kapangala_Dom, Jumamosi saa 2:31 usiku

Mara tatu. Perege.

Mwalimu_Rombo, Jumamosi saa 3:00 usiku

Nimerudi hospitali Alhamisi. Wamechukua damu, majibu wiki ijayo. Daktari aliniuliza kuhusu mdomo kabla sijamaliza kukaa, maana nilimkabidhi karatasi niliyonakili maneno ya hapa. @Optika_Moro nakushukuru. Nitawaambia.

Optika_Moro, Jumamosi saa 3:08 usiku

Tunasubiri, mwalimu. Ukiwa darasani, simama mbali na dirisha lenye upepo.